Maswali yenu: 9 Desemba, Saba Saba na ule udongo wa Muungano

Bango la shule yetu limeandikwa "Uhuru wa Tanzania 1961". Kuna kosa?

Lipo, japo limezoeleka. Iliyopata uhuru 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Tanzania haikuwapo hata kwa jina. Zanzibar ilisubiri hadi 10 Desemba 1963. Ndiyo maana mwaka 2021 tuliadhimisha miaka 60 ya Uhuru wa Tanzania Bara. Andikeni "Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961", bango litapita popote.

Nyerere aliapishwa urais siku hiyo?

Hapana, alikuwa waziri mkuu. Mkuu wa nchi alibaki Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Januari 1962 Nyerere aliachia hata huo uwaziri mkuu, akaushika Rashidi Kawawa. Urais ulikuja 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Tarehe ileile, mwaka mwingine: hapo ndipo wengi wanapojikwaa kwenye mtihani.

Ile picha ya Nyerere akichanganya udongo ni ya 26 Aprili 1964?

Ni ya tarehe 27, Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Muungano una tarehe tatu, na ukizichanganya maelezo ya picha yanaharibika. Tarehe 22 Aprili Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano, Zanzibar. Tarehe 26 Muungano ukaanza rasmi, na hiyo ndiyo sikukuu. Kesho yake viongozi wakakutana Karimjee kubadilishana hati, na udongo wa pande mbili ukachanganywa. Jambo jingine: siku hiyo nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina "Tanzania" lilikuja baadaye mwaka huohuo, kwa hiyo "Tanzania ilizaliwa 26 Aprili" ni sahihi kwa nchi, si kwa jina.

Saba Saba si sikukuu ya maonyesho ya biashara?

Maonyesho ya Barabara ya Kilwa yamepanda juu ya sikukuu iliyokuwapo. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TAA (Tanganyika African Association) kiligeuzwa kuwa TANU, na siku ikabaki kwenye kalenda hata baada ya TANU na ASP, chama cha Zanzibar, kuungana kuwa CCM, 5 Februari 1977. Watu siku hizi wanakumbuka mabanda, chama wamekisahau. Na msiichanganye na Saba Saba ya Kenya: ile ni ya 7 Julai 1990, mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi.

Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 yalimng'oa Mwingereza?

Mwingereza alikuwa ameshakabidhi mwezi mmoja kabla. Kilichoangushwa ni serikali ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte, chini ya Sultani Jamshid.