Nakatwa kodi, nakatwa na NSSF: mimi ni mwajiriwa au fundi wa kujitegemea?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi umeme, naishi Mbagala. Kila siku nafanya wairingi kwenye ghorofa huko Tegeta chini ya mkandarasi mkuu, kwa makubaliano ya kazi, si mshahara. Mwezi uliopita nilipeleka invoisi ya ufundi mtupu, shilingi 2,400,000. Nimelipwa 2,040,000. Mhasibu wao anasema 5% ni kodi na 10% ni NSSF. Sijapewa karatasi hata moja. TIN ninayo, ile niliyochukulia leseni ya udereva. Je, nimeibiwa?

JIBU: Nzuri, fundi. Tusianze na wizi. Tuanze na hesabu, maana yenyewe inajikana: makato hayo mawili hayakai kwenye invoisi moja.

Ile 5%, yaani 120,000, ni kodi ya zuio. Anayelipia huduma anaizuia kabla ya kukulipa, kisha anaipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Hilo ni halali kwa fundi anayejitegemea. Ila kodi hiyo haijapotea, ni malipo yako ya awali. Tuseme kwa mwaka umeingiza milioni 12, ukatumia milioni 3 kwa nauli, vifaa vya kazi na kumlipa kijana wa kukusaidia, na TRA wakakutoza kwa faida halisi ya milioni 9. Shilingi 3,240,000 za kwanza hazina kodi, 3,000,000 zinazofuata zinatozwa 8%, na 2,760,000 zilizobaki 20%. Jumla ni 792,000. Kama wateja wamekuzuilia 5% ya ile milioni 12, tayari umelipa 600,000, na unadaiwa 192,000 tu. Usipokuwa na cheti cha zuio, yaani karatasi inayoonyesha kodi uliyokatwa, utailipa yote 792,000 huku roho inakuuma. Kwa hiyo usiogope. Dai cheti kila unapolipwa, na ukiweke kwenye bahasha, si kwenye dashibodi ya bodaboda.

Na ile TIN ya leseni ya udereva si ya biashara. Nenda ofisi ya TRA ya mkoa wako wa kodi waibadilishe, ufanyiwe makadirio. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Sasa hiyo 10%. Hapa ndipo ninapokunja uso. Mchango wa NSSF kwa mwajiriwa ni 20% ya mshahara: mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya 10%, na kinachobaki anakitoa mfukoni mwake. Kama wewe ni mwajiriwa wao, basi nao waweke 10% yao, na kodi yako iwe PAYE, yaani kodi ya mshahara, si zuio la 5%. Kama si mwajiriwa, hawana sababu ya kukukata 240,000. Unajiandikisha NSSF mwenyewe kama mtu aliyejiajiri na kuchangia kadiri ya mapato yako. Usidharau hilo, kwani pensheni inataka michango ya miezi 180, na fundi wa miaka 40 akianza leo anafikisha 55.

Wewe ni yupi kati ya hao wawili? Neno "mkandarasi mdogo" kwenye mkataba halitoshi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaangalia mambo kama haya: nani anakupangia saa na namna ya kufanya kazi, drili na ngazi ni za nani, unamfanyia kazi yeye peke yake, na kama kwa miezi mitatu iliyopita umemfanyia wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi. Kigezo kimoja tu kikiwepo, unahesabiwa mwajiriwa mpaka mkandarasi athibitishe vinginevyo. Kwa maelezo yako, kila siku upo saiti Tegeta. Saa 45 unazimaliza wiki ya kwanza.

Jambo hili lina uzito kuliko hizo 240,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri, na unawafidia wafanyakazi. Ukidondoka ghorofa ya tatu ukiwa "mkandarasi mdogo", gharama ya mguu ni yako.

Kwanza nenda ofisi ya NSSF na kitambulisho cha NIDA, uombe taarifa ya michango yako. Kama jina lako halimo, rudi kwa yule mhasibu na swali moja, kwa maandishi: 240,000 yangu imeingia kwenye namba gani ya uanachama?