Nyumba ya matunzo kwa kaka kiziwi mwenye skizofrenia: nenda Jumapili jioni, ukae jikoni

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Kaka yako ana skizofrenia (ugonjwa wa akili), ni kiziwi tangu augue homa ya uti wa mgongo utotoni huko Tanga, na sasa anatoka wodini hapa England. Ofisa ustawi wa jamii amekupa majina ya nyumba mbili. Ya jirani na kwako, wakaguzi wa CQC, tume inayokagua huduma za matunzo England, wameipa "Nzuri". Ya viziwi iko mwendo wa saa mbili, na imepewa "Inahitaji Kuboreshwa". Uchukue ipi?

Nimefanya kazi ya kea, yaani ya kutunza watu, miaka sita, minne ya mwisho kwenye nyumba ya viziwi wenye maradhi ya akili, nyingi zikiwa shifti za usiku. Majina ya nyumba siyataji.

Nyumba ya kwanza niliyofanyia kazi ilikuwa ya wanaosikia, kiziwi alikuwa mzee mmoja tu. Nyumba safi, maua mezani, chakula cha kueleweka. Huyo mzee alikuwa akirusha sahani wakati wa chakula cha jioni, nasi tunaandika kwenye faili lake: "amekasirika bila sababu". Hata mimi niliandika. Ilinichukua miezi kung'amua kwamba sababu tulikuwa sisi. Tulikuwa tukipiga soga na kucheka mbele yake. Mtu ambaye ugonjwa unamwambia kuwa anasengenywa anaona midomo inacheza, anaona meno, na hakuna wa kumwambia kinachochekwa. Wewe ungekula? Alichopata ni kuongezewa dawa.

Nyumba ya pili ilikuwa na sharti: ukiwa jikoni au sebuleni unaongea kwa mikono, hata kama unamwomba mwenzako chumvi. Simu unapokelea nje. Mwanzoni nilinung'unika, maana BSL yangu, lugha ya alama ya Uingereza, ilikuwa ya kuombea chai tu.

Kwa hiyo usiende Jumatatu asubuhi meneja akutembeze. Omba kwenda Jumapili saa moja jioni, ukae jikoni utazame mikono ya wafanyakazi wakati hawaongei na mkazi. Uliza nani yupo usiku, na ana daraja gani la BSL. Daraja la kwanza ni salamu, familia, hali ya hewa. Wakalimani wenyewe huwa daraja la sita. Saa nane usiku, mtu akitaka kueleza kwamba anataka kujiua, daraja la kwanza halimsaidii kitu. Uliza pia kama wapo wafanyakazi viziwi, na kama yupo hata mmoja mwenye sauti kwenye uongozi.

Jambo wengi hawalifikirii ni dawa. Dawa za zamani kama haloperidol zinaweza kukaza misuli na kutetemesha mikono. Kwa anayesikia ni usumbufu. Kwa kaka yako ni ulimi wake unaokuwa mzito. Nimeona mtu akiandikwa kuwa "haeleweki", kumbe vidole havimtii. Na wakilazimika kumdhibiti, wakamshika mikono yote, wamemziba mdomo. Waulize wanafanyaje.

Kengele ya moto iwe ya taa pamoja na kitetemeshi chini ya mto. Usikubali kuonyeshwa kwa kidole, waambie waiwashe.

Kuna la Tanga pia. BSL si lugha ya alama aliyokulia nayo, na herufi zake huundwa kwa mikono miwili. Daktari asiyejua hilo anaweza kuona alama zilizochanganyika akadhani ni mawazo yaliyovurugika. NHS, huduma ya afya ya taifa, ina huduma maalumu za afya ya akili kwa viziwi London, Birmingham na Manchester. Kabla hajatoka wodini, omba kwa maandishi wampime wao, na ikibidi awepo mkalimani ambaye naye ni kiziwi. Sheria ya BSL ya mwaka 2022 imeitambua lugha, lakini haimpi mtu mmoja mmoja haki ya mkalimani. Kwenye barua yako taja Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Hiyo ndiyo yenye meno.

Kuhusu alama za CQC, fungua ripoti yenyewe. Angalia tarehe, na kama mkaguzi alikwenda na mkalimani. Nyumba inaweza kushushwa kwa makaratasi ya dawa au kwa upungufu wa wafanyakazi, na hayo mawili hayalingani. La kwanza hurekebishika haraka, la pili lingenitia wasiwasi hata mimi.

Kama ripoti haina la kutisha, ningechagua ya mbali. Najua mama atasema umemtupa ndugu yako. Lakini ukimweka jirani utamwona Jumamosi kwa muda wa saa mbili, na zile saa nyingine zote za wiki hana wa kuzungumza naye.

Wodi wakikubali, nenda naye. Mwache aingie jikoni peke yake dakika ishirini, wewe kaa kwenye gari. Akitoka, muulize majina ya aliowakuta.