Hisa zikigawanywa tano kwa moja, mwanahisa anapata nini?

Ndugu uliyeuliza kama uwahi kununua kabla rejista, yaani orodha ya wanahisa watakaogawiwa, haijafungwa ili upate "hisa tano kwa bei ya moja", usinunue kwa sababu hiyo. Umesema una hisa 300 za kampuni hiyo. Tuseme zinauzwa shilingi 100 kila moja, mali yako ni 30,000. Zikigawanywa tano kwa moja, yaani kila hisa moja iwe tano, utakuwa na hisa 1,500, na bei itafunguka karibu na shilingi 20. Ni 30,000 ile ile.

Nilikuwa na hisa za benki ya Equity walipogawanya kumi kwa moja mwaka 2009. Kwenye taarifa ya akaunti yangu ya CDS (akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa), hisa 200 zikawa 2,000, na bei nayo ikakatwa kwa kumi. Sikutajirika siku hiyo. Kilichobadilika ni uhuru wa kuuza. Enzi hizo soko kuu la Nairobi lilitaka mafungu ya hisa 100, kwa hiyo mwenye hisa 200 akitaka karo ya mtoto aliuza nusu ya akiba yake au aache kabisa. Nikiwa na 2,000 niliweza kuuza 300 na zilizobaki zikaendelea kukaa. Na mwenye kipato kidogo, ambaye fungu moja la hisa za shilingi 150 lilimtaka 15,000, sasa aliingia na 1,500. Hiyo ndiyo faida ninayoiheshimu katika mgawanyo: wanunuzi wanaongezeka na hisa inauzika kwa urahisi.

Gawio, yaani faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa, ndilo linalowachanganya wengi. Kampuni iliyokuwa ikilipa shilingi 5 kwa hisa ikishagawanya tano kwa moja italipa shilingi 1, na kuna watakaopiga kelele kwamba wamepunjwa. Zidisha kwa idadi mpya ya hisa zako ndipo uhukumu. Hata ripoti ya mwaka itakayofuata itakokotoa upya faida kwa kila hisa ya mwaka uliotangulia ili ulinganisho uwe wa haki.

Najua utaniambia bei hupanda tangazo likitoka. Ni kweli, mara nyingi hupanda. Benki ya Barclays ya Kenya iligawanya tano kwa moja mwaka 2006, benki ya KCB ikafuata kumi kwa moja mwaka 2007, na msimu ule watu walijipanga kwa madalali kama wanaogawiwa kitu cha bure. Lakini anayenunua wakati huo analipia matumaini ya wenzake, na juu yake kuna kamisheni ya dalali. Barclays waligawanya tena nne kwa moja mwaka 2011. Kwa migawanyo hiyo miwili pekee, hisa 100 za zamani zilizaa 2,000. Waliozishika miaka yote hiyo walinufaika na gawio na ukuaji wa benki, vitu ambavyo vingekuwepo hata kama hisa zingebaki 100.

Hisa za bonasi, zile ambazo wanahisa hupewa bila kulipa, nazo ni hivyo hivyo, ila pale kampuni huhamisha faida iliyolimbikizwa kuwa mtaji.

Kama una oda ya kuuza iliyowekwa kwa bei ya zamani, mwulize dalali wako itafanywaje siku ya mgawanyo ikifika. Halafu weka hapa ukurasa wa ripoti ya kampuni hiyo wenye faida na gawio kwa kila hisa kwa miaka michache iliyopita, tuuchambue pamoja kabla hujaongeza hata hisa moja.