Usibishane na Mama Mkwe, Mtafute Anayemsikiliza

"Dada, mama mkwe kaacha vidonge vya presha, anakunywa majani aliyoambiwa kwenye grupu la kwaya. Nimemtumia maelezo ya madaktari mpaka nimechoka, sasa naitwa mjuaji."

Pole, mdogo wangu. Mimi niliitwa hivyo 2011, enzi za kikombe cha Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, yule Babu, alikuwa akigawa pale kijijini Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, dawa ya mti wa mugariga, kikombe shilingi 500, na watu walisema inaponya kisukari, saratani, hata ukimwi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Ukoo ukachanga nauli ya baba mdogo, mgonjwa wa sukari. Nikasema aende, ila asiache dawa zake. Weee! Shangazi akaniuliza mbele ya watu kama nimesoma kuwashinda vigogo wa serikali waliokwishakunywa.

Linaniwasha hadi leo swali lile, ingawa lilikuwa la maana. Pale nyumbani hakuna aliyeupima mugariga. Walichokuwa nacho cha kuwafanya waamini ni mchungaji, si mganga. Bei ambayo tapeli asingeiweka. Na majirani waliorudi wakishuhudia kupona. Aliyerudi vilevile angesemaje, na nauli amechangiwa na ukoo mzima? Akanyamaza. Ukimya wake hakuna aliyeuhesabu.

Na tusijidai, wasomi wenzangu. Vidonge tunaviamini kwa sababu tuliwaamini walimu wetu. Wangapi kati yetu tumewahi kuvifanyia utafiti? Tofauti ni kwamba sukari ina kipimo, na kipimo hakijali nani kasema.

Aliyemrudisha baba mdogo kwenye dawa ni mzee wa kanisa waliyekunywa naye kikombe. Alikwenda kupima, akakuta sukari iko juu, akamwambia mwenzake, wakaongozana kliniki. Maneno yaleyale niliyoyasema mimi wiki nzima! Shangazi anamshukuru mzee mpaka kesho. Mimi sijaambiwa hata asante.

Kwa hiyo acha kumtumia maelezo. Mtafute mwanakwaya mwenzake anayemeza dawa za presha, kimyakimya, umwombe waende wote kupima. Majani usiyatukane, maana ukiyatukana umelitukana grupu zima, na hapo hatarudi nyuma. Usibishane, mdogo wangu, nakwambia tena. Na siku ya kliniki baki nyumbani. Akikuona tu pale, atajua wewe ndiye uliyepanga.