Usukani wa kuume barabara ya Likasi: usiduble kwa macho ya binamu

Mdogo wangu, simama kwanza. Umeandika kwamba umenunua motokari ya usukani wa kuume, huku kwetu Kongo tunakoshika kuume pia, Jumamosi unaenda Likasi kwa mara ya kwanza, na binamu yako atakaa kushoto akuambie saa ya kudubla kamio, yaani kulipita lori la mbele yako. Halafu unauliza juu ya retro (vioo vya pembeni), pneu (matairi) na saa nzuri ya kuondoka. Hayo mengine baadaye. Hiyo ya binamu ndiyo itakuua.

Kwangu aliyekaa kushoto alikuwa shemeji. Mtu mzima, ana leseni, hanywi. Tulikuwa upande wa Luisha, nyuma ya kamio la shaba. Akachungulia: "Pita yaya (mkubwa wangu), kuko wazi." Na kweli kulikuwa wazi! Ila yeye aliona barabara tupu tu. Mguu wa kukanyaga mafuta ulikuwa wangu, na gari lilikuwa zito kupanda mwendo. Nikatoka. Nilipofika usawa wa kichwa cha kamio, hili hapa basi. Nikataka kurudi nyuma: pale nilipotoka kamio la pili lilikuwa limeshasogea, limeziba. Nikabana katikati. Retro ya kushoto ikaondoka na basi, ubavu wa kuume ukasagwa na magurudumu ya kamio. Hatukufa. Gari lilitoka na umbo jipya ambalo fundi wa mtaani alikataa hata kulitajia bei, nikaliuza kama vyuma. Shemeji mpaka leo anadai basi ndilo lenye kosa.

Sasa piga hesabu ambayo mimi niliipiga nikiwa nimeshakaa mtaroni. Kamio linakwenda 60 kwa saa, wewe 80. Unalizidi mita tano na nusu tu kwa sekunde. Kamio na trela lake ni karibu mita 20. Weka 25 za nyuma kabla hujatoka, 25 za mbele kabla hujarudi, na urefu wa gari lako. Hizo ni sekunde 13. Ndani yake unakula karibu mita 290, na anayekuja kwa 80 anakula 290 zake. Unahitaji karibu mita 600 tupu! Binamu yako anajua mita 600 zinafananaje? Macho ya mtu hayapimi vizuri mwendo wa kitu kinachomjia: kikiwa mbali kinaonekana kama kimesimama, kisha mwishoni kinavimba ghafla.

Na yule muuzaji! "Utazoea kwa wiki moja." Mikono inazoea, kichwa hakihamii upande wa pili wa gari. Motokari hizi zinatoka Japani, zinashushwa Dar es Salaam, zinapita Tanzania na Zambia ambako watu wanashika kushoto, na huko usukani uko mahali pake. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia kwetu unakuwa nusu kipofu, na muuzaji anakuita patroni, yaani bosi.

Mimi sitoki mpaka nione mwenyewe njia yote, pamoja na tundu la kurudi mbele ya kamio. Wengi wanabana mkia wa kamio eti wanajiandaa; pale unaona turubai tu. Rudi nyuma, rudi sana, mpaka barabara ya kushoto ifunguke. Kwenye kona ya kuume chungulia ubavu wa kuume wa kamio, hapo ndipo usukani wako unakusaidia kidogo. Mtu akiingia katikati yenu, mwache, rudi nyuma tena. Kamio mbili zikifuatana, zihesabu kama moja refu. Na kama hakuna tundu, utafika Likasi nyuma ya shaba. Itakuwepo, haiozi.

Ondoka kumeshakucha. Taa za Japani zimetengenezwa kumulika zaidi kushoto, pembeni mwa barabara yao. Kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako, na usiku unamchoma macho wakati naye anatafuta pa kudublia.