The Black Adder ya 1983: maswali yenu kuhusu msimu wa kwanza

Wengi mmetuuliza kuhusu The Black Adder, tamthilia ya vichekesho ya BBC iliyorushwa kuanzia tarehe 15 Juni hadi 20 Julai 1983. Ina sehemu 6, na ndiyo iliyozaa misimu mingine ya Blackadder. Iliandikwa na Richard Curtis na Rowan Atkinson, ambaye pia ndiye anayeigiza mhusika mkuu, mwanamfalme Edmund. Mtayarishaji alikuwa John Lloyd.

*Nilisikia Blackadder ikisifiwa sana. Nimetazama sehemu 2 za mwanzo na sijacheka hata mara tano. Kasoro ni yangu?*

Si yako. Sifa nyingi ulizosikia ni za misimu ya 1986, 1987 na 1989. Huu wa kwanza hupanda na kushuka, na bahati mbaya huanzia penye uzito mwingi. Sehemu ya 1, "The Foretelling", imebebeshwa vita vya Bosworth vya 1485 vya kugombea taji la Uingereza, familia nzima ya kifalme, mzuka wa mfalme aliyekatwa kichwa, pamoja na wachawi watatu wa kumkejeli Shakespeare, yote kwa takribani nusu saa. Kila mhusika anapotaka kukuchekesha, inabidi kwanza akueleze yeye ni nani.

Badilisha mpangilio. Anza na ya 3, "The Archbishop", kisha ya 5, "Witchsmeller Pursuivant", halafu ya 4, "The Queen of Spain's Beard". Hapo utakuwa umeshawazoea watu wa jumba la mfalme. Rudi ya 1 na ya 2. Kila sehemu ina kisa chake, kwa hiyo hutapotea. Ya 6, "The Black Seal", ndiyo pekee isiyosogezwa: iache mwisho, kwa sababu haibakizi ukoo wa kifalme.

*Kwa nini Edmund wa hapa ni bwege na Baldrick ndiye mwenye akili, ilhali baadaye ni kinyume?*

Hapa ndipo palipo na tatizo kubwa la msimu mzima, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Edmund wa 1983 ni mwoga, sauti nyembamba, nywele zimekatwa kwa kufuata ukingo wa bakuli. Rafiki yake Lord Percy, anayeigizwa na Tim McInnerny, naye ni bwege. Anayebaki na akili ni mtumishi, Baldrick wa Tony Robinson. Hata jina la "Black Adder" ni wazo la Baldrick. Edmund mwenyewe alitaka kujiita "Black Vegetable". Mzaha huo ni mzuri, lakini utazame unavyofanya kazi: bwege anasema upuuzi, bwege mwenzake anaupokea, na mwenye akili hana cheo cha kumjibu yeyote. Upuuzi unahitaji mtu wa kukereka. Hapa hayupo, basi sentensi nyingi zinaanguka chini bila wa kuziokota.

Kuanzia 1986 mizani iligeuzwa. Edmund akawa mjanja mwenye ulimi mkali, akabanwa katikati: juu yake mkubwa asiye na akili lakini mwenye uwezo wa kumkata kichwa, chini yake Baldrick asiyeelewa kitu. Kila neno linalosemwa na hao wawili linamchoma, na sisi tunacheka kwa kumtazama akichomwa.

La kusikitisha ni kwamba dawa hiyo ilikuwepo tangu awali. Kipindi cha majaribio kilichorekodiwa 1982, kikaoneshwa hadharani kwa mara ya kwanza 2023, kina Edmund mwerevu mwenye maneno ya kuchoma. Baldrick wa siku hiyo alikuwa Philip Fox. Kisa kikubwa cha kipindi hicho kilitumika tena katika sehemu ya 2, "Born to Be King", lakini kwa Edmund mwingine kabisa. Ukiweza kuvipata vyote viwili, vitazame siku moja. Matukio ni karibu yaleyale, mhusika mkuu ndiye tofauti. Hakuna somo bora zaidi kuhusu uzito wa mhusika katika vichekesho.

*Nasikia msimu huu uligharimu fedha nyingi kuliko iliyofuata. Zilikwenda wapi?*

Nje. Matukio ya nje yalipigwa katika ngome ya Alnwick, Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, majira ya baridi. Utaona theluji ya kweli, farasi, mavazi mazito ya karne ya 15, na mvuke ukiwatoka waigizaji midomoni. Kwa macho ni mali safi, na hatusemi hivyo kwa shingo upande: tamthilia chache za vichekesho za zama zile zina sura kama hii.

Ila gharama hiyo inakula kicheko kwa njia mbili. Kwanza, kamera ikirudi nyuma ili ngome ionekane, uso unakuwa mdogo, na silaha ya Atkinson ni uso. Pili, tukio la farasi huchukua sekunde nyingi za kufika na kuondoka, muda ambao ungetosha majibizano kadhaa ya mezani. Hesabu mwenyewe katika sehemu ya 1: tazama ni mara ngapi mtu anapanda au kushuka farasi kabla ya neno la kuchekesha kusemwa.

Msimu wa pili ulipoombwa, sharti la chaneli ya BBC1, iliyokuwa chini ya Michael Grade, lilikuwa kupunguza gharama. Atkinson akaacha kuandika, Ben Elton akaingia kushirikiana na Curtis, na karibu kila kitu kikahamia studioni, kwenye vyumba vichache. Ubanaji huo ndio uliowaokoa.

*Vicheko vinavyosikika ni vya watu kweli au vya mashine?*

Vya watu. Ila watu hao hawakuwepo wakati wa kurekodi: walioneshwa kanda iliyokwisha kuhaririwa, sauti zao zikanaswa. Ndiyo maana utasikia kicheko kikifunika sentensi inayofuata, au mwigizaji akinyamaza kusubiri kicheko kisichofika. Mwigizaji aliye mbele ya hadhira hupumua pamoja nayo. Hapa alilazimika kubahatisha. Katika Blackadder II, yaani msimu wa pili, hadhira iliketi studioni, na tofauti utaisikia ndani ya dakika tano.

*Uingereza iliwahi kuwa na mfalme Richard IV?*

Hapana. Katika historia, Richard III aliuawa Bosworth tarehe 22 Agosti 1485 na Henry Tudor akatawala kama Henry VII. Tamthilia inadai kuwa Richard III alishinda, akauawa kwa bahati mbaya na Edmund aliyedhani anaibiwa farasi, kisha mpwa wa Richard III akatawala kama Richard IV kwa miaka 13 mpaka Henry alipofuta kila kitu vitabuni.

Mpwa huyo, Richard wa Shrewsbury, alikuwepo kweli. Alizaliwa 1473 na hakuonekana tena baada ya 1483, alipokuwa katika Mnara wa London pamoja na kaka yake. Kwa hiyo mwaka wa Bosworth angekuwa na miaka 12. Humu anaigizwa na Brian Blessed mwenye ndevu, kifua kama pipa na wana wawili watu wazima, Edmund na kaka yake. Na yuko mtu aliyejitangaza kuwa ndiye Richard huyo, Perkin Warbeck. Alinyongwa 1499.

Kidokezo kingine kinachowapita wengi: Edmund anapewa cheo cha Duke of Edinburgh. Mwaka 1485 Edinburgh ilikuwa ya Scotland, ufalme mwingine kabisa, na cheo hicho kiliundwa 1726. Watazamaji wa 1983 walicheka kwa sababu mume wa Malkia Elizabeth II ndiye aliyekuwa nacho.

*Edmund huyu ananikumbusha Mr. Bean. Nakosea?*

Hukosei. Mr. Bean ilianza tarehe 1 Januari 1990, na Atkinson na Curtis wamo tena katika uandishi. Macho yale, mdomo ule, woga ule wa mtoto aliyeshikwa na kosa, vyote viko humu. Bean alifanikiwa kwa sababu karibu haongei. Edmund wa 1983 ana mwili wa Bean lakini amepewa hotuba.

*Kwa nini mnaanza na "The Archbishop"?*

Kwa sababu ina tatizo moja lililo wazi. Maaskofu wakuu wa Canterbury wanakufa mmoja baada ya mwingine kwa mkono wa mfalme anayetaka ardhi za Kanisa, na sasa zamu ni ya Edmund. Bwege akiwa na hofu ya kweli anachekesha, maana tunajua anachokimbia. Tazama hasa pale Baldrick anapoorodhesha biashara za Kanisa: laana, misamaha ya dhambi, masalia ya watakatifu ya kughushi. Edmund, Percy na Baldrick wameketi, kamera imetulia, na maneno yanapata nafasi. Mwishoni mashujaa wawili waliolewa wanalielewa vibaya neno la mfalme na kwenda kuua, mwigo wa kisa cha Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa 1170.

Katika sehemu ya 5, msake Frank Finlay, mnusa wachawi. Anaigiza kwa uzito kabisa, kama yumo katika tanzia, na hilo linamfanya atishe na achekeshe kwa pamoja. Ya 4 ina Miriam Margolyes kama binti mfalme wa Hispania na Jim Broadbent kama mkalimani wake. Weka maandishi ya chini ya skrini, maana mkalimani hasemi ila anachotafsiri, na kila neno lake linahesabika.

*Lazima niumalize huu kabla ya Blackadder II?*

Hapana. Kisa kinahamia enzi za Elizabeth I, na waigizaji wakuu wanaovuka ni Atkinson, Robinson na McInnerny, kila mmoja akiigiza mzao wa mhusika wake wa kwanza.