Jibu: Sensa ya joto la oili ya giaboksi ikae wapi?

Mkuu, umeuliza sensa ikae kwenye sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) au kwenye bomba la kwenda rejeta, kwa Supra yako otomatiki ya 1994. Mimi nasema sampo. Pale unasoma joto la oili ambayo pampu inaivuta. Kwenye bomba linalotoka mshale wa geji hupandapanda kila konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) inapoteleza, utaishi na wasiwasi. Shusha sampo kwanza, fundi achomelee nati ya kufungia sensa ubavuni mwake, chini ya usawa wa oili na mbali na filta. Na tafadhali usizungushe tepu nyeupe nyingi kwenye nyuzi za skrubu ya sensa: sensa ya waya mmoja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi hizo, tepu ikiziba geji itadanganya. Nyuzijoto 80 hadi 95 ni kawaida. Ikikaribia 120, egesha, weka gia N (huru), injini iendelee kuunguruma hadi oili ipoe.